Sufuria Moja, Walaji Wawili: Uchambuzi wa Kisa cha Lishe Kadutu, Bukavu

Kisa hiki ni cha kufundishia. Hakielezi kaya moja inayoweza kutambuliwa. Kimekusanya mambo ambayo wahudumu wa lishe wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hukutana nayo katika nyumba nyingi za Kadutu, Bagira na Panzi, na vipimo vyake vimepangwa ili msomaji aweze kuzifuata hesabu mwenyewe. Nimekichagua kwa sababu ndani ya nyumba moja kinaonyesha watu wawili wanaodhoofika kwa njia zinazopingana, huku wote wakila kutoka jiko lilelile, na huku kila mmoja akiwa amepewa kile ambacho mwenzake ndiye aliyekihitaji.

Baba wa nyumba hiyo ni fundi mwashi ambaye hapati kazi kila siku. Mama huuza nyanya na vitunguu sokoni. Mtoto wao wa mwisho, wa kiume, ana miezi 16 na uzito wa kilo 8. Mzingo wa mkono wake wa juu ni milimita 120, yaani utepe unaonyesha rangi ya manjano: utapiamlo wa kiasi, si ule mkali unaoanzia chini ya milimita 115. Hana homa, hana uvimbe wa miguu, na bado ananyonya. Pamoja nao anaishi mama mzazi wa baba, mwenye miaka 68 na kilo 55, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akipata choo kigumu mara mbili tu kwa wiki, na ambaye miguu yake imepungukiwa nguvu kiasi kwamba kupanda kutoka barabarani hadi nyumbani kumekuwa safari ya kupumzika njiani.

Mama wa mtoto alikuwa amesikia mafundisho mawili, na yote mawili ni ya kweli: kwamba mtoto anahitaji protini ili akue, na kwamba pumba na maganda ya nafaka yana faida mwilini. Akayafuata kwa bidii. Alinunua mahindi sehemu mbili, mtama sehemu moja na soya sehemu moja, akavipeleka mashineni visagwe pamoja na pumba zake, bila kuchekecha, ili apate unga wa masoso, uji ambao nyumba nyingi za Kivu huwapa watoto. Soya aliianika juani tu, hakuikaanga. Mtoto alipewa uji huo kikombe kimoja mara tatu kwa siku, mwepesi wa kunyweka, na jioni vijiko vichache vya maharagi yaliyopondwa na maganda yake. Bibi, kwa upande wake, alikuwa ameacha maharagi kwa sababu yalimjaza gesi, na majirani walikuwa wamemshauri ale chakula laini kisichomsumbua mtu wa umri wake. Alikula bugali wa muhogo na mchuzi wa sombe, yaani majani ya muhogo, chai ya sukari na kipande cha mkate. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliponunuliwa, walikwenda kwenye sahani ya baba.

Katika kituo cha afya mama alieleza tatizo kwa maneno haya: “Muganga, anakulaka, tumbo inajaa, lakini kilo hazipande.” Maelezo hayo yanastahili kusikilizwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna utambuzi mzima wa hali ya mtoto. Tumbo linajaa kweli. Linalofaa kuulizwa ni limejaa nini.

Mtoto, na swali la protini

Mtu yeyote anayeona mtoto aliyekonda katika mkoa huu huuliza kwanza kuhusu protini, na ana sababu za kihistoria za kufanya hivyo. Ugonjwa ambao Waswahili wa Kivu wanaujua kwa jina la bwaki, wenye uvimbe wa miguu, nywele zinazobadilika rangi na ngozi inayobambuka, ndio ule ambao daktari Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 kutokana na watoto aliowatibu katika Gold Coast, Ghana ya leo, kisha mwaka 1935 akautambulisha kwa jina lake katika lugha ya Ga ya hukohuko, kwashiorkor. Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, ambako taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati ilianzishwa enzi za ukoloni wa Kibelgiji, ugonjwa huo ulichunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1955 Umoja wa Mataifa ukapata kundi la ushauri lililohusika na protini peke yake, na kwa takriban miaka 20 upungufu wa protini ukahesabiwa kuwa tatizo kuu la lishe duniani.

Mwaka 1974 Donald McLaren aliipinga hoja hiyo hadharani katika jarida la Lancet, akisema kwamba dunia ilikuwa imekuza pengo la protini kuliko lilivyo. Kabla yake, mwaka 1968, Gopalan wa India alikuwa ameonyesha kwamba watoto waliopata uvimbe na watoto waliokonda bila uvimbe walikuwa wakila vyakula visivyotofautiana kwa kiasi cha protini. Leo bwaki haielezwi tena kwa protini pekee. Maambukizi, upungufu wa madini na vitamini, na hata bakteria wa utumboni, vyote vinahusishwa nayo. Hata hivyo fundisho la zamani limebaki mitaani kwa nguvu zake zote, na ndilo lililomfanya mama huyu aongeze soya na maharagi kila alipoona mtoto hapandi uzito.

Tufanye hesabu. Tumbo la mtoto mdogo hukadiriwa kupokea takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 anaweza kupokea mililita 240 kwa mlo mmoja, kikombe kimoja kamili, na hapo ameshiba. Uji unaonyweka kwa urahisi huwa na gramu 10 hivi za unga katika kila gramu 100. Ukizidisha unga, wanga unavimba, uji unashikamana na mtoto anaukataa. Unga wa mchanganyiko huu una takriban kilokalori 380 kwa gramu 100, hivyo gramu 100 za uji zina kilokalori 38 tu. Vikombe vitatu ni kilokalori 270 hivi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayenyonya kwa wastani anahitaji kupata kilokalori 550 kwa siku kutoka katika vyakula vya nyongeza. Huyu wa kwetu, hata tukimhesabia vile vijiko vya jioni, yuko karibu na nusu.

Sasa protini yenyewe. Unga huo, kwa sababu robo yake ni soya, una gramu 16 hivi za protini kwa gramu 100, na katika vikombe vitatu mtoto hupata gramu 11 na nusu. Tukipunguza sehemu isiyomeng'enywa, kisha tukapunguza tena kwa sababu mahindi na mtama vina kidogo lisini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, zinabaki kati ya gramu 7 na 8 zinazoweza kutumika kujenga mwili. Nusu lita ya maziwa ya mama huongeza gramu 5 hivi. Kiwango salama katika umri huu, kwa mujibu wa ripoti ya pamoja ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo), WHO (Shirika la Afya Duniani) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ya mwaka 2007, ni zaidi kidogo ya gramu 1 kwa kila kilo, yaani gramu 9 kwa mtoto wa kilo 8. Kwenye karatasi, basi, protini inatosha na inabaki, ingawa mtoto anayefidia ukuaji alioupoteza huhitaji zaidi ya kiwango hicho.

Anakonda kwa sababu mwili usiopata nishati ya kutosha hauihifadhi protini kwa ajili ya ujenzi. Huzivunja asidi amino na kuzichoma kama kuni, na naitrojeni yake hutoka na mkojo. Kumwongezea mtoto huyu soya bila kumwongezea nishati ni kulipia kwa bei ya juu kuni ambazo angezipata kwa kijiko cha mafuta. Ushahidi mzuri uko mikononi mwa wauguzi wenyewe. Chakula cha tiba cha karanga ambacho hutolewa katika UNTA, yaani vituo vya tiba ya lishe bila kulazwa, kwa watoto wenye utapiamlo mkali kimetengenezwa ili protini itoe kati ya asilimia 10 na 12 tu ya nishati yake, ilhali katika masoso ya mama huyu protini inatoa asilimia 17. Kinachokitofautisha chakula hicho ni kwamba hakina maji, kina mafuta mengi, kina protini ya maziwa, madini na vitamini, na gramu 100 zake hubeba zaidi ya kilokalori 500.

Hapa ndipo nyuzinyuzi zinapoingia katika kisa cha mtoto, na zinaingia kama mzigo. Pumba na maganda hufyonza maji, huchukua nafasi ndani ya lile tumbo la mililita 240, na humpa mtoto hisia ya kushiba kabla hajapata alichohitaji. Zaidi ya hayo, pumba na kiini cha mbegu ndiko fitati zinakokaa kwa wingi katika mahindi na mtama, na fitati hushika zinki na chuma zisifyonzwe; upungufu wa zinki peke yake unatosha kudumaza ukuaji na kuharibu hamu ya kula. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unapendekeza angalau gramu 15 za nyuzinyuzi kwa siku kwa watoto wa miaka 2 hadi 5, gramu 21 kwa wa miaka 6 hadi 9, na gramu 25 kuanzia miaka 10. Kwa walio chini ya miaka 2 hauweki kiwango. Sifa za nyuzinyuzi tunazozisikia redioni zinahusu watu wazima, na mama aliyezihamishia kwa mtoto wa miezi 16 hakuelezwa hivyo.

Soya isiyopikwa vizuri inaongeza tatizo. Mbegu za soya zina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya ambacho kongosho hutumia kukata protini, na kuzianika juani hakuviharibu. Uji uliochemka kwa dakika chache huvipunguza kwa sehemu tu. Kwa hiyo zile gramu 7 au 8 nilizozihesabu zinadhani soya imekaangwa au imechemshwa kabla ya kusagwa. Kwa soya ya huyu mama, kiasi kinachomfaa mtoto ni kidogo zaidi.

Ubora wa protini ni nini hasa

Protini za chakula hujengwa kwa asidi amino 20, na 9 kati yake mwili wa binadamu hauwezi kuziunda: histidini, isolusini, lusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Zote zinatakiwa zipatikane, na ile iliyo chache kuliko mahitaji ndiyo inayoweka kikomo cha ujenzi, jinsi fundi mwenye tofali tele anavyosimama siku saruji inapokwisha. Katika mahindi kikomo hicho ni lisini: protini yake ina takriban miligramu 28 za lisini kwa gramu, wakati mtu mzima anahitaji 45 na mtoto mdogo 57. Katika maharagi lisini inazidi 60, lakini asidi amino zenye salfa, methionini na sisteini, ni chache.

Mwaka 1991 FAO na WHO walipitisha kipimo kinachojulikana kama PDCAAS, ambacho hulinganisha asidi amino ya kikomo na mahitaji, kisha huzidisha kwa kiwango cha umeng'enyaji. Umeng'enyaji huo ulipimwa kwa kinyesi, na hilo lilikuwa na dosari, kwa sababu bakteria wa utumbo mpana hula protini ambayo mwili haukuifyonza, nayo ikahesabiwa kana kwamba imemfaa mlaji. Mwaka 2013 FAO ilipendekeza kipimo kipya, DIAAS, kinachopima kila asidi amino mwishoni mwa utumbo mwembamba, mahali ambapo ufyonzaji wake unakoma. Kwa vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi tofauti hii ina uzito, maana kuta za chembe za maharagi na nafaka hufungia sehemu ya protini ndani yake na kuipitisha hadi utumbo mpana. Protini ya yai humeng'enywa kwa asilimia 97, ya samaki na nyama 94, ya mahindi 85 hivi, na ya maharagi 78.

Navithamini vipimo hivi, lakini naona vinatumiwa vibaya vinapogeuzwa kuwa orodha ya vyakula vizuri na vibaya. Vinapima chakula kimoja kimoja, na Bukavu hakuna anayekula hivyo. Gramu 125 za unga wa mahindi pamoja na gramu 100 za maharagi makavu hutoa protini yenye zaidi ya miligramu 50 za lisini kwa gramu, na asidi amino zenye salfa takriban 30, ambazo zote zinazidi mahitaji ya mtu mzima. Wala si lazima vikutane kwenye sahani moja. Kwa mtu mzima inatosha vipatikane ndani ya siku ileile. Bugali wa mahindi mchana na maharagi usiku ni mlo mmoja machoni pa ini.

Muhogo hauingii katika hesabu hiyo. Unga wake una gramu 1 hadi 2 tu za protini kwa gramu 100, kwa hiyo hakuna cha kukamilisha. Na una deni lake mwenyewe. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo hubakiza sianidi, na mwili huiondoa kwa kuigeuza kuwa thiosianati, kazi inayotumia salfa kutoka katika methionini na sisteini, zilezile asidi amino ambazo maharagi yanazo kwa uchache. Anayekula muhogo huo bila samaki wala nyama hulipa sumu kwa akiba ya protini aliyonayo. Pale akiba inapokwisha kabisa, miguu inaweza kupooza ghafla na isirudi tena; ugonjwa huo, konzo, ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 huko Kwango, magharibi mwa nchi hiihii. Sisemi kwamba bibi wa kisa hiki ana konzo. Nasema kwamba mlo wake wa muhogo na mchuzi umemnyima kinga, na kwamba siku tatu au nne za kuloweka muhogo mtoni hazipaswi kufupishwa kwa sababu ya haraka ya soko.

Bibi

Hesabu ya bibi ni fupi kuliko ya mtoto, lakini inasikitisha zaidi. Gramu 250 za unga wa muhogo humpa gramu 4 hivi za protini, mkate 5, na mchuzi wa sombe tuukadirie 5. Jumla ni 14. Kiwango salama cha mtu mzima ni gramu 0.83 kwa kilo, ambacho kwake ni gramu 46, na wataalamu wa kundi la PROT-AGE mwaka 2013 walipendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo kwa wazee, isipokuwa wale wenye ugonjwa mkali wa figo, kwa sababu misuli ya mzee huitikia protini kwa uvivu. Bibi huyu anapata chini ya theluthi ya kiwango cha chini. Udhaifu wa miguu ambao familia nzima iliuita uzee una sababu nyingine inayoweza kurekebishwa.

Choo kigumu kina mizizi palepale. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1929 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, alitumia miaka mingi kuwachunguza watoto wenye kwashiorkor; baadaye, pamoja na daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliyekuwa Mulago, Kampala, akawa miongoni mwa waliolifanya suala la nyuzinyuzi lijulikane duniani, na mwaka 1972 akatoa maana yake ya kitaalamu: mabaki ya kuta za chembe za mimea ambayo vimeng'enya vyetu haviwezi kuyavunja. Walikuwa wameona kwamba wakulima wa Uganda, waliokula vyakula visivyokobolewa, hawakuwa na magonjwa ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza. Baadhi ya madai yao yalikuwa makubwa kuliko ushahidi wa wakati huo, lakini kiini kimesimama. Naona inafaa kukumbukwa kwamba mtu yuleyule aliyashughulikia mambo haya mawili, kwa sababu katika nyumba nyingi za Kivu hayajawahi kutengana.

Nyuzinyuzi hufanya kazi zake kwa njia mbili. Zile ngumu za pumba na majani hushika maji na kuongeza ujazo wa kinyesi, hivyo utumbo unapata kitu cha kusukuma. Zile laini, pamoja na wanga unaogoma kumeng'enywa, huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butirati, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo huo. Maharagi yana aina zote mbili. Gramu 100 zikiwa kavu hubeba gramu 15 au zaidi. Kwa kuyaacha, bibi aliacha kwa mkupuo mmoja chanzo chake kikuu cha protini na chanzo chake kikuu cha nyuzinyuzi.

Gesi iliyomfanya ayaache ilikuwa ya kweli na haifai kupuuzwa. Inatokana na sukari za rafinosi na stakiosi, ambazo hatuna kimeng'enya cha kuzivunja na ambazo bakteria huzila kwa furaha. Maharagi yakilowekwa usiku kucha na maji yale yakamwagwa, sehemu ya sukari hizo huondoka nayo. Yakirudishwa kidogo kidogo, vijiko viwili wiki ya kwanza, vinne wiki inayofuata, bakteria hujirekebisha na gesi hupungua. Maji ya kunywa lazima yaongezeke pamoja nayo, kwa kuwa nyuzinyuzi bila maji humkaza mtu zaidi. Na kabla ya yote hayo muganga anapaswa kuuliza kuhusu damu katika choo, kukonda kusikoelezeka, mabadiliko ya ghafla, na vidonge vya chuma ambavyo navyo hukausha choo. Ikiwepo dalili mojawapo ya zile za mwanzo, bibi anahitaji uchunguzi wa hospitali, na ushauri wa chakula usimcheleweshe.

Kugawa upya

Ushauri uliotolewa haukuhitaji chakula cha kigeni. Bugali wa bibi ulichanganywa nusu kwa nusu na unga wa mahindi usiokobolewa, zile pumba alizokuwa akipewa mtoto. Maharagi yalirudi kwake hatua kwa hatua hadi gramu 100 kwa siku zikipimwa kavu, na konzi moja ya sambaza wakavu, gramu 30 hivi, wenye zaidi ya nusu ya uzito wao katika protini. Ukijumlisha na sombe na mkate wake, anafika karibu gramu 60 za protini kabla ya kupunguza umeng'enyaji, na nyuzinyuzi zinapita gramu 25. Akiongeza kuinuka kitini mara kadhaa asubuhi na jioni bila kujishika, misuli inapata sababu ya kuitumia protini hiyo.

Kwa mtoto, soya inakaangwa na kutolewa maganda kabla ya kusagwa, na unga unachekechwa. Kisha inakuja hatua ambayo mimi huipa uzito kuliko nyingine zote, nayo ni kimea. Ulezi ukilowekwa, ukachipua siku mbili au tatu, ukakaushwa na kusagwa, unakuwa na amilesi, kimeng'enya kinachokata minyororo ya wanga. Uji unapikwa mzito, kwa gramu 20 za unga katika kila gramu 100, unaachwa upoe kidogo, unatiwa kijiko kidogo cha unga wa kimea, na ndani ya dakika chache unalegea na kunyweka kama ule mwepesi wa zamani. Ni lazima urudishwe motoni uchemke tena, kwa sababu nafaka inayochipua hukuza vijidudu pia. Nachagua ulezi badala ya mtama kwa kuwa chipukizi la mtama lina kemikali inayotoa sianidi. Kikombe kilekile cha mililita 240 sasa kinabeba nishati mara mbili, na vikombe vitatu vinafika karibu kilokalori 550. Kijiko kidogo cha mawese katika vikombe viwili kati ya hivyo kinaongeza kilokalori 90 nyingine na malighafi ya vitamini A.

Kilichobaki ni samaki. Sambaza waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo hawa ndio chakula cha asili ya wanyama ambacho mnunuzi mdogo wa Kadutu anaweza kukifikia kwa kipimo kidogo. Wakikaushwa vizuri, wakatwangwa wazima na mifupa yao na kuchekechwa, gramu 10 za unga wao katika uji wa siku humpa mtoto gramu 5 hivi za protini yenye lisini na methionini kwa wingi, pamoja na zinki na kalsiamu ambazo fitati za masoso zilikuwa zikimnyima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unataka chakula cha asili ya wanyama kila siku. Kunyonya kunaendelea kama kawaida.

Gharama ipo, na ni haki kuitaja: unga wa mtoto umeongezeka maradufu. Sehemu ya fedha hizo inatoka katika soya iliyokuwa ikiongezwa kila wiki bila faida; nyingine inatoka kwenye sahani ya baba, ambaye kwa kuwa ni mtu mzima mwenye tumbo kubwa anaweza kupata protini yake yote katika bugali na maharagi. Mazungumzo hayo hufanywa na baba akiwepo, kwa heshima yake, akielezwa hesabu na si akilaumiwa.

Mkono wa mtoto unapimwa kila wiki. Ukishuka chini ya milimita 115, au kidole kikibonyezwa sehemu ya juu ya nyayo zote mbili na kuacha shimo, mama anampeleka UNTA siku hiyohiyo bila kusubiri kimea kichipue. Na katika wiki ambayo kazi ya ujenzi imekosekana na fedha hazitoshi vyote, mpangilio uwe huu: mawese na unga wa sambaza vinabaki kwa mtoto, maharagi yanabaki kwa bibi, na kinachopunguzwa kwanza ni mkate, chai na sukari.